Nimeomba miaka 8 sijapata mtoto: dua yangu imerudishwa?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi nakaanga vitumbua vya kuuza hapa Tanga. Nina miaka 8 ndani ya ndoa, sijajaaliwa mtoto. Mwalimu mmoja kaniambia dua zangu zinarudishwa kwa dhambi niliyoificha, nisome uradi wake wa siku 41 kwa shilingi laki mbili, na niache hospitali kwani anayekwenda kupima hana tawakali. Siku hizi nalia hata jikoni. Je, nimekosa subira?

JAWABU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, binti yangu. Swali lako nimelisoma baada ya Isha na usingizi ukaniruka, maana si wewe wa kwanza kuniletea habari za laki mbili.

Kulia si kukosa subira. Nabii Yaaqub alilia mpaka macho yakawa meupe, naye ndiye aliyesema subira ni njema.

Nije kwa huyo mwalimu. Dua iliyochelewa, kwake yeye, ni dua ya mwenye dhambi. Basi atutajie dhambi ya Nabii Zakariya, aliyeomba mtoto hali mifupa imemlegea na kichwa kimejaa mvi. Atutajie ya Nabii Ibrahim, aliyemshukuru Mola kwa kumpa Ismail na Is-haq uzeeni. Na Mama Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, hakuzaa kabisa, naye nyumbani mwake wahyi ukishuka. Katika Suratu Shuuraa Allah anasema humpa amtakaye wana wa kike, amtakaye wa kiume, na amtakaye humfanya tasa. Dhambi haikutajwa pale. Huyo mwalimu kaitoa wapi? Mtume, rehma na amani zimshukie, ametuambia katika hadithi ya Bukhari na Muslim kwamba mja hujibiwa maadamu hajafanya haraka akasema, "Nimeomba, sikujibiwa." Huyu anakuuzia haraka ileile iliyokatazwa, na siku ya 42 atakurudishia lawama. Pesa hatarudisha.

Kuhusu hospitali sirefushi. Mtu aliyemuuliza Mtume amfunge ngamia wake au amwache na kumtegemea Allah, aliambiwa: mfunge, kisha utegemee.

Ila kuna kisa kinachokuhusu wewe hasa. Bibi Fatma mikono ilimuuma kwa kusaga, akaenda kwa baba yake kuomba mtumishi, asimkute. Usiku Mtume akawaendea, yeye na Ali wamekwisha kulala, akaketi kati yao mpaka Ali akahisi baridi ya miguu yake. Akawafundisha wakipanda kitandani waseme Subhanallah mara 33, Alhamdulillah 33, Allahu Akbar 34, akasema hayo ni bora kwao kuliko mtumishi. Asubuhi jiwe la kusagia lilikuwa palepale.

Wewe jiwe lako unalijua. Mke wangu hukaanga vitumbua Ramadhani, nami mlafi huchungulia. Mchele kaloweka tangu jana, kausaga, katia tui, iliki na hamira, bakuli kalifunika. Hapo hata angekuwa na haraka ya namna gani, unga utaumuka kwa wakati wake. Akiukaanga mapema, vinatoka vigumu. Akikigeuza kitumbua kabla ukingo haujashika, kinapasuka. Lakini simwoni amekaa tu: anakoleza mkaa, anapaka chuma mafuta, anaosha sufuria. Nimesomesha mlango wa subira miaka mingi msikitini, na sikuufahamu kama nilivyoufahamu kwenye kigoda kile. Unafanya hivyo kila alfajiri, halafu mtu anakuambia huna subira! Unga ukiwa umefunikwa, tia ulimini tasbihi ya Bibi Fatma na umwombe Mola mtoto kwa Kiswahili chako. Ukilia, lia.

Uradi usiulipie. Laki mbili hizo ziwe za nauli na vipimo, na mwende wawili. Sijaona katika dini yetu palipoandikwa kwamba wa kutafutwa kasoro ni mke peke yake. Wallahu aalam.

Mumeo akigoma, aje anione baada ya Alasiri.