Neno "illusory": anko wako hawezi kuwa illusory

Swali limetoka kwa msomaji wa Morogoro anayejiandaa na IELTS, mtihani wa kupima Kiingereza: "Shikamoo mwalimu. Kwenye listi ya maneno magumu tuliyopewa tuisheni kuna neno illusory. Nimetunga hivi: 'My uncle is illusory because he believes every politician' na 'Success is illusory for poor people, but they can get it if they work hard'. Mwenzangu anasema zote mbovu. Kosa liko wapi?"

Marahaba. Mwenzako yuko sahihi, na kila sentensi ina kosa lake.

Ya kwanza, hilo neno linakaa kwa kitu kinachoonekana kipo kumbe hakipo, halikai kwa mtu aliyedanganyika. Uko kwenye basi la Dodoma saa saba mchana, jua kali, mbele kwenye lami unaona kama maji yametuama, mkifika pakavu. Yale maji ndo illusory, dereva anayeyaona siyo. Kwa hiyo ahadi za wanasiasa zinaweza kuwa illusory, anko ni gullible, yaani mwepesi wa kudanganywa, na kama kang'ang'ania kiasi kwamba hata umuoneshe ushahidi hakusikii ndo watu watamwita delusional. Kiswahili chenyewe kinakusaidia hapa, "kinachodanganya" na "aliyedanganyika" hujawahi kuvichanganya hata siku moja.

Ya pili ulitaka elusive. Hiyo ni kitu kipo ila kila ukikikaribia kinakuponyoka. Ukiandika "Peace in eastern Congo remains elusive" umesema amani inatafutwa na bado haijapatikana, ukiweka illusory umesema hiyo amani mnayodhani ipo ni kiinimacho. Ndo maana sentensi yako inajipinga, unasema mafanikio ni mazigazi halafu hapohapo unasema watayapata. Maneno haya yanafanana kwa sababu yote yametoka kwenye ludere ya Kilatini, yaani kucheza, illusory, elusive, delusive, hata allusive, tumbo moja ila kila mmoja na kazi yake. Ipo na illusive, maana yake ni ileile ya illusory, lakini achana nayo, msomaji ataona umekosea spelingi ya elusive.

Ikikaa vizuri inakaa hivi: mshahara umepanda asilimia 5, bei za vitu zimepanda asilimia 8, unaandika "The pay rise was illusory." Au umenunua viatu vya bei chee vikaachia soli ndani ya mwezi, "The savings proved illusory." Ona ilivyo na prove, na utaikuta pia na largely, na sense of security, na hope. Wanasheria wanayo illusory promise, mtu anaahidi "nitakulipa nikijisikia", hapo hajajifunga kwa lolote.

Sasa hiyo listi. Kila wiki naletewa sentensi za namna hii na kila nikiuliza, jibu ni listi, maneno 500 ya kupandisha band, yaani daraja la alama za IELTS, PDF inauzwa kwenye magrupu ya WhatsApp, neno huku tafsiri kule basi. Binti mmoja niliyemsahihishia barua ya skolashipu alikuwa ameandika "I have illusory leadership skills". Listi yake ilisema illusory ni "ya njozi", akaelewa njozi kama maono, kwamba ni kiongozi mwenye maono. Kumbe anawaambia wale watu uwezo wake wa uongozi haupo! Na alishaituma sehemu mbili kabla ya kuja kwangu. Iliniuma sana, kwa sababu yule mtoto alijituma na pesa ya listi alilipa.

Wanaouza hizi listi wanajitetea kwamba IELTS yenyewe inataka maneno adimu. Wanasoma nusu. Msamiati ni robo ya maksi za writing, na maelezo ya band 7 yanataja maneno yasiyo ya kawaida, kweli, ila maelezo hayohayo yanataka ujue yanaendana na maneno gani na kwenye uandishi wa aina gani. Hiyo nusu ya pili listi haiwezi kukupa, na visawe vya kwenye simu navyo hivyohivyo, ukigusa false inakuletea illusory, bogus, counterfeit, fallacious kana kwamba ni kitu kimoja, wakati noti inakuwa counterfeit na hoja inakuwa fallacious na ukizibadilisha umeharibu zote mbili.

Kabla hujalitumia neno fungua kamusi ya wanafunzi, Oxford au Cambridge, ziko bure mtandaoni, ruka maana nenda kwenye mifano, soma hata mitatu, angalia nani anaitwa hivyo, mtu au kitu. Na ukiwa ndani ya chumba cha mtihani ukasita, andika false. False hope, false sense of security, ni Kiingereza safi kabisa.