Boksi linasema 360, bastola yangu inatoa 331. Nimepigwa?

SWALI: Fundi, boksi la risasi zangu za 9mm, greini 115 (uzito wa kichwa cha risasi), limeandikwa mita 360 kwa sekunde. Nimepima kumi kwa kronografu (kifaa cha kupimia kasi ya risasi) na bastola yangu ndogo ya mtutu wa inchi 3, wastani ukaja 331. Jamaa mmoja anasema atazifungua aniongezee baruti kidogo zifike pale. Nimpe?

JIBU: Usimpe hata moja. Na hujapigwa ndugu yangu, hili swali naletewa kila mara na kila anayekuja ana sura ya mtu aliyepunjwa kwenye mizani. Hiyo 360 imetoka kwenye mtutu wa majaribio, kwa 9mm kawaida ni inchi 4, chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, imechongwa kwa vipimo vya kubana. Utasema inchi moja ni nini, ila mtutu wa bastola hupimwa pamoja na chemba, na ganda ndo ile 19 kwenye 9x19 (jina kamili la 9mm), yaani urefu wa milimita 19, karibu sentimita 2 zishaliwa, kwa hiyo wao wamebaki na kama sentimita 8 za kusukumia risasi na wewe hata 6 hazifiki. Risasi ishatoka zake gesi bado ina nguvu, ndo ule moto unaouona mdomoni. Nishati nayo inashuka toka jouli kama 483 hadi 408, na hapo ndo watu wanapagawa.

Kinachonichosha ni hii imani kwamba baruti ni kama petroli, unaongeza kidogo unapata mwendo kidogo. Haiko hivyo! Ndani ya hiyo risasi kuna baruti kama greini 5 tu, theluthi ya gramu, nusu greini ni asilimia 10 na kwa jicho huioni, alafu presha inapanda kwa kasi kuliko mwendo. Kiwango cha juu cha presha cha SAAMI, chombo cha viwanda vya silaha na risasi Marekani, kwa 9mm ni pauni 35,000 kwa inchi mraba, hata zile za +P, zilizotengenezwa kwa presha ya juu zaidi, zinaishia 38,500, na kiwanda kina vifaa vya kupimia presha. Huyo jamaa anapimia nini, kijiko? Na baruti iliyomo anaijua ni aina gani, au anachota tu kopo lililo karibu? Hata asipoongeza kitu, akirudisha kichwa kikazama ndani ya ganda milimita chache zaidi presha inaruka.

Nshaletewa bastola ya "kuongezewa": magazini imetemwa chini, mshikio umepasuka, ganda limetoboka pale nyuma ambapo chemba hailishikilii, mwenyewe ana bandeji vidoleni na bado ananiuliza kasi ilifika ngapi.

Yeyote anayekuuzia risasi "alizoboresha" bila mizani ya maana na bila kitabu cha vipimo, mkimbie. Kulinganisha maboksi, soma kwanza wamepima kwa mtutu wa inchi ngapi, yapo yaliyopimwa kwa mtutu mfupi, hayo ndo ya kwako. Na kama jamaa kashagusa baadhi, usipige hata moja humo, maana zikishachanganyika huwezi kuzitofautisha kwa macho.