Rostam, Liongo na magofu ya Madain: ushauri kwa anayelinganisha visa na mashairi ya Waajemi

Mtu akiniuliza aanzie wapi kulinganisha visa vya Waajemi na vya mataifa mengine, humwambia asiivamie Shahnameh nzima, ule utenzi mkuu wa wafalme na mashujaa wa Iran. Ferdowsi, mzaliwa wa Tus huko Khorasan, aliikamilisha mnamo 1010, na ina beti zipatazo 50,000, kila ubeti vipande viwili. Ukiisoma kwa pupa utaishia kukusanya majina ya wafalme. Chukua kisa kimoja, kikukae kichwani mpaka uweze kukisimulia bila kitabu, halafu kiweke kando ya kisa kimoja unachokijua tangu utotoni. Mimi nilichagua Rostam na Sohrab, nikakiweka kando ya Fumo Liongo.

Kwa asiyekijua, kisa ni hiki. Rostam, shujaa wa Iran, anampoteza farasi wake karibu na Samangan. Akiwa huko anamwoa Tahmina, binti wa mfalme wa mji, kisha anaondoka kabla mtoto hajazaliwa. Anaacha kito, mtoto akiwa wa kiume afungwe mkononi. Sohrab anakua, anakuja na jeshi la Turan, nchi adui ya Iran, na shabaha yake kubwa ni kumtafuta baba. Wanakutana uwanjani. Kijana anahisi jambo, anamuuliza mzee jina lake, na mzee analificha. Katika mieleka Sohrab anamwangusha, anachomoa jambia. Rostam anamwambia kwamba kwa desturi ya Iran, anayeangushwa mara ya kwanza hachinjwi. Kijana anamwachia. Wanaposhikana tena, Rostam ndiye anayemwangusha mwenzake, na hapo hakuna desturi inayokumbukwa: anamchoma papo hapo. Sohrab, roho ikimtoka, anasema hata uwe samaki baharini au nyota mbinguni, baba yangu Rostam atakusaka alipe kisasi changu. Ndipo vazi la vita linapofunguliwa na kito kinaonekana.

Baba kumuua mwana kwa kutomjua si jambo la Waajemi peke yao. Waayalandi wanaye Cú Chulainn aliyemuua Connla. Wajerumani wanaye Hildebrand anayekabiliana na mwanawe Hadubrand katika shairi ambalo mswada wake umekatika kabla ya mwisho. Warusi wanaye Ilya Muromets. Wengi wakifika hapa huandika kwamba binadamu ni wamoja, kisha hufunga kitabu. Nakuomba usifunge, maana kufanana ndiko kunakokufungulia mlango. Kazi inaanza pale visa vinapoachana njia.

Tazama Liongo. Huku kwetu mwana ndiye anayemuua baba, na anamjua vizuri. Anaishi naye, anakula naye. Maadui wamemwahidi binti wa mfalme ili apeleleze ni kitu gani kinachoweza kumuua yule mtu asiyeingia silaha. Liongo anamwambia mwanawe mwenyewe: sindano ya shaba, kitovuni. Kwa Ferdowsi watu wanakufa kwa sababu jina limefichwa. Kwenye kisa cha pwani mtu anakufa kwa sababu siri imetolewa, tena imetolewa ndani ya nyumba. Jambo hili lilinikaa moyoni muda mrefu, maana linaonyesha kila jamii iliogopa nini. Iran ya Shahnameh ni ya mipaka na majeshi, hatari ni mgeni ambaye kumbe ni damu yako. Miji yetu ya Pate na mto Ozi ilikuwa ya jamaa wanaogombea kiti kimoja, na hatari ilikuwa imelala chumba cha pili.

Angalia pia akina mama. Tahmina anampeleka mwana, kisha anabaki na kilio. Mama yake Liongo anafanya kazi: mwanawe akiwa gerezani anampelekea mkate wa wishwa wenye tupa ndani, na Liongo anakata minyororo wakati watu wanapiga ngoma nje. Na Liongo akishachomwa, anakwenda kisimani, anapiga goti, anavuta upinde, anafia hapo hapo. Watu wanakosa maji siku kadhaa kwa kumwogopa maiti. Ni mama anayeitwa kwenda kumbembeleza aondoke. Sijaona kifo cha shujaa kinachonishika kuliko hiki, na nimesoma vingi.

Ushauri wa pili: kabla hujasema "ni kama Achilles", yule shujaa wa Wayunani, hakikisha chanzo. Watu huwapanga mstari mmoja mashujaa wenye sehemu moja tu ya kuuawa: Liongo na kitovu, Esfandiyar, mwana wa mfalme wa Iran, na macho, Achilles na kisigino. Kisigino hakimo katika Iliad ya Homer, kilikuja baadaye. Na kile kisa cha Esfandiyar kufumba macho alipokuwa anaogeshwa maji ya kumkinga na silaha ni cha wasimulizi. Katika Shahnameh tunaambiwa tu kwamba ndege Simurgh alimwonyesha Rostam mshale wa mti wa gaz utakaompofua. Unaweza kulinganisha simulizi na simulizi, au kitabu na kitabu, ila ujue umeshika nini mkononi.

La tatu ni kutenganisha kinachofanana na kilichosafiri. Kilichosafiri huwa na njia unayoweza kuionyesha. Nairuzi yetu, sikukuu ya mwaka mpya, ile inayoitwa Mwaka Kogwa kule Makunduchi, Unguja, ina njia. Mwaka wake ni wa jua wenye siku 365 bila siku ya nyongeza, kwa hiyo kila miaka 4 unasogea siku moja. Ndiyo maana Waajemi husherehekea Nowruz, mwaka wao mpya, mwezi Machi, usiku na mchana vinapolingana, na Makunduchi siku hizi ni Julai. Hesabu hiyo waliitumia mabaharia wa Bahari ya Hindi kujua misimu ya pepo. Makunduchi kibanda huchomwa moto, na Iran watu huruka moto kabla ya mwaka kuingia, lakini moto uko kila mahali duniani. Ushahidi ni kalenda.

Kuhusu tafsiri, neno fupi. Khayyam, mshairi wa Kiajemi, anayenukuliwa sana ni wa tafsiri ya Mwingereza FitzGerald ya 1859, aliyezikata rubai, yaani mashairi ya mistari minne, na kuziunga upya apendavyo. Sentensi nyingi zenye jina la Rumi, mshairi mwingine wa Kiajemi, zinazotembea kwenye simu hazimo katika vitabu vyake, Masnavi wala Divan. Ukipata mstari mzuri, tafuta kwanza umetoka shairi gani. Ukikosa jina la shairi, usiujengee hoja.

Sasa ule ulinganisho ninaoupenda kuliko yote. Katika karne ya 12 mshairi wa Kiajemi Khaqani, akirudi kutoka Hija, alipita Madain, Iraq, penye gofu la kasri la Kisra, mfalme wa Iran ya kale, kando ya mto Dijla (Tigris). Shairi lake linaanza kwa kuuambia moyo uzinduke na utazame, ulifanye kasri lile kioo cha mazingatio, na machozi yawe Dijla ya pili juu ya udongo ule. Zaidi ya miaka 600 baadaye, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir akatunga Al-Inkishafi juu ya Pate iliyoanguka, naye anasema na moyo wake. Madaka yaliyopangwa vyombo vya china yamekuwa viota. Makinda ya popo yananing'inia juu. Bundi analia kati ya nyumba, na kwa Khaqani pia bundi analia.

Ukitaka kusema Sayyid Abdalla alimsoma Khaqani, nionyeshe njia. Mimi naona njia iliyo wazi zaidi ni ya Kiarabu: mshairi Mwarabu al-Buhturi alilitungia kasri lile lile katika karne ya 9, na Waarabu kabla ya Uislamu walikwisha kuwa na mashairi ya kusimama penye makazi yaliyohamwa. Lakini tazama wanapoachana. Kasri analolililia Khaqani lilikuwa la wafalme wa dini nyingine, walioanguka zaidi ya miaka 500 nyuma. Anawalilia kwa mbali, na kilio chake ni onyo kwa wenye enzi wa zama zake. Sayyid Abdalla anawaita watu wake kwa majina, jamaa zake wakiwamo. Nyumba anazozieleza ni za ukoo.

Nakushauri uyasome mawili hayo jioni moja, kwa sauti, ukianza na Khaqani. Hata kama ni kwa tafsiri utasikia kipande kinavyoegemea kipande. Kisha fungua Inkishafi, na ukifika penye majina usiyaruke hata kama huwajui wenyewe. Andika pembeni kila mahali ambapo Khaqani alikwenda kushoto na Sayyid Abdalla kulia. Orodha hiyo itakupa makala yako.