Lekcha amefutwa au imefutwa?

Msomaji wa Arua ameniandikia: "Mwalimu, hujambo. Nimeanza mwaka wa kwanza chuo kikuu hapa Kampala. Ratiba yangu ina vipindi vya aina nne, vimetiwa herufi L, S, T na P. Wenzangu wanaviita vyote lekcha. Je, kwa Kiswahili vinaitwaje, na vina tofauti gani?"

Sijambo, mwanangu, na hongera kwa kuingia chuo. L ni mhadhara, S ni semina, P ni mafunzo kwa vitendo. T nitaigusa mwishoni, maana ina shida yake. Lakini kwanza niache nipambane na hilo neno la wenzako, kwa sababu limenikera miaka mingi.

Lekcha! Mwalimu akitokea mlangoni, huyo ni lekcha. Anachofundisha, lekcha. Ukumbi anaofundishia nao lekcha. "Lekcha ameanza lekcha na lekcha imejaa." Mtu, kazi yake na jengo, vyote vimetiwa kwenye gunia moja, na wasemaji hawaoni kasoro yoyote.

Muhula uliopita mpwa wangu, anayesoma katika chuo kimoja hapa nchini, alinionyesha ujumbe ulioingia asubuhi kwenye kundi lao la WhatsApp: "Saa nne: lekcha amefutwa." Basi, hakuna la ziada. Chini yake majibu yalifuatana kama siafu. Mmoja anauliza mzee wa watu amekosa nini. Wa pili anasema alijua tu, tangu siku zile za alama za jaribio. Wa tatu analia kazi yake itasahihishwa na nani. Kumbe mwalimu yule alikuwa na kazi yake salama, ila amekwenda mazishini Masaka. Kilichofutwa ni kipindi.

Hebu tazama kosa lilipo. Ni herufi moja. Lekcha imefutwa: hakuna kipindi, rudi kitandani. Lekcha amefutwa: mtu kapoteza kazi. Jina jema la mtu mzima linaning'inia kwenye i na a, tena katika nchi ambayo wengi wetu Kiswahili tulikiokota sokoni na barabarani, na ngeli tunazibahatisha. Mwandishi wa ujumbe ule hakukusudia ubaya. Ulimi wake umezoea kumpa kila kitu a. Lakini angeandika "mhadhara wa saa nne umefutwa", nani angeshtuka? Na hata angekosea ngeli akaandika "mhadhara amefutwa", bado hakuna ambaye angedhani mtu kafukuzwa. Neno lenyewe linamlinda mhadhiri hata pale sarufi inapomwangusha msemaji. Lekcha halimlindi mtu. Ndiyo maana silipendi, na sitalipenda.

Wataniambia mhadhara ni neno gumu, la vitabuni, la Kiarabu. La Kiarabu ni kweli, lakini ugumu uko wapi? Kila wiki unatia sahihi karatasi ya mahudhurio. Unahudhuria. Mtu akikutukana mbele za watu, unasema amekutukana hadharani. Mhadhara ni ndugu wa hayo yote, mzizi mmoja, wa kuwapo mbele za watu. Na walioketi viwanjani kusikiliza mihadhara ya dini hawaoni ugeni wowote humo. Ukumbi nao una jina lake: ukumbi wa mihadhara.

Tena kuviita vyote lekcha kunamdanganya mwanafunzi mpya kuhusu kazi inayomngoja. Kwenye mhadhara unaweza kuwa mmoja kati ya mamia. Unasikiliza, unaandika, na usiposoma usiku huo hakuna atakayekujua kesho. Kwenye semina utajulikana. Humo mnakuwa wachache, kila mmoja kasoma kabla ya kuja, na zamu ikifika unasimama kuwasilisha na kuulizwa. Nimewaona vijana wakiingia semina mikono mitupu, wametulia kama watazamaji wa mpira, kwa kuwa waliambiwa wanakwenda lekcha. Hata saa hazihesabiwi sawa. Kwa utaratibu wa Makerere, saa moja ya mhadhara huhesabiwa saa moja, lakini saa mbili za maabara au za T ndizo zinazohesabiwa kuwa moja. Kwa hiyo usiishangae ratiba ya sayansi inayokuweka maabara mchana kutwa.

Semina usiichanganye na seminari, inakolelewa mapadre, ingawa yote mawili yametoka kwenye neno la Kilatini lenye maana ya kitalu cha mbegu.

P hubadilika kwa fani. Ya mwanafunzi wa udaktari wa Makerere iko Mulago, kando ya kitanda cha mgonjwa. Ya mwenzake wa kilimo iko shambani Kabanyolo, viatu vikiwa na matope. Anayesomea ualimu atapelekwa shuleni, na hayo ni mazoezi ya kufundisha.

Kuna jambo moja katika barua yako ambalo nimelinyamazia. Umeandika kwamba "mwalimu wa historia anatusomesha vizuri." Hiyo ni Luganda, okusomesa, imevaa kanzu ya Kiswahili. Mimi ningesema anatufundisha. Anayekusomesha ni baba aliyeuza ng'ombe ili ada ilipwe. Lakini Uganda nzima inasema hivyo, kamusi nazo hazikatai, wala hakuna aliyewahi kudhaniwa kafukuzwa kazi kwa sababu yake. Endelea nalo.

Sasa T, yaani "tutorial" ya Kiingereza. Hapa mnagawanywa vikundi vidogo, mnarudia yaliyosemwa kwenye mhadhara, mnafanya maswali, na msimamizi mara nyingi ni kijana aliyemaliza shahada juzi tu. Wengine huiita semina pia, na mkanganyiko unarudi mlango wa nyuma. Kwa kuwa anayeongoza kikundi ni mkufunzi, mimi naandika kipindi cha ukufunzi. Halijazoeleka, najua. Lijaribu kwa wenzako wiki hii, kisha uniandikie walisemaje.