Mnaouliza tunalipwa kiasi gani Johannesburg, nawajibu

Tangu mimi na mume wangu (mzee, kama ninavyomwita) tuhamie Johannesburg mwanzoni mwa 2024, maswali kutoka nyumbani hayajakatika. Shemeji anauliza tunalipwa randi ngapi kwa mwezi. Akina mama wa chama wanauliza kama naweza kuwatafutia watoto wao kazi huku. Mpwa wangu aliuliza kwa upole, ila nilijua anamaanisha: kwa nini watu wa umri wenu mfunge nyumba, muache wajukuu, mkawapangie wamisionari karatasi katika nchi ya watu? Halafu wiki iliyopita mume na mke wa kigingi chetu cha Nairobi (kigingi ni kundi la makanisa yetu ya eneo moja), wote wastaafu, wakaniandikia kwamba na wao wanafikiria kuja, wakataka kujua maisha ya ofisi ya misheni yakoje siku kwa siku. Hao ndio walionifanya nikae niandike. Nawajibu wote kwa pamoja, na sitawaficha kitu.

Nianze na pesa, maana najua wengi mtasoma hapo kwanza. Hatulipwi. Sisi ni wamisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, na wanandoa wazee katika kanisa letu hujigharimia wenyewe. Kodi ya nyumba tunalipa sisi, chakula sisi, dawa za presha za mzee sisi. Tuliitwa kwa miezi 18. Wengine huitwa kwa 6, wengine 12, wengine 23. Pesa zetu zinatoka kwenye pensheni, kwenye vyumba vya kupangisha tulivyojenga nyuma ya nyumba, na kwa watoto wetu ambao mwezi ukiwa mbaya hutupiga jeki bila kuombwa. Aliyedhani tutarudi na kontena ajue tutarudi na masanduku yaleyale tuliyokuja nayo. Na suala la viza na kazi, mama zangu wa chama, sina uwezo nalo. Hatuko hapa kama waajiri wala mawakala, na sitaki mtoto wa mtu auze shamba kwa sababu alisikia nina kiti katika ofisi ya Johannesburg.

Sasa kazi yenyewe. Wale vijana mnaowaona Nairobi wakitembea wawili wawili, shati jeupe na tai, wako hapa pia. Wavulana huanza wakiwa na miaka 18, wanahudumu miaka miwili. Wasichana huhudumu miezi 18. Wanatoka Utah kule Marekani, Zimbabwe, Kongo, Madagaska, wengine hawajawahi kulala nje ya nyumba ya mama yao. Kazi yao ni kufundisha injili. Lakini lazima kuwe na mtu wa kuwatafutia nyumba, kusaini mkataba, kununua godoro, kulipa maji, kufuatilia vibali vyao vya kukaa nchini, kujua gari lipi limepata pancha na lipi stika yake ya leseni inaisha mwezi huu. Mtu huyo ni sisi.

Saa mbili asubuhi tuko ofisini. Tunaimba wimbo mmoja, tunaomba, halafu simu inaanza. Bomba limepasuka. Ufunguo umekatikia ndani ya kitasa. Kadi ya benki imemezwa na mashine. Mwenye nyumba amepandisha kodi, na barua yake imeandikwa kwa lugha ya mahakamani. Mzee anashughulikia nyumba na magari. Mimi nina vibali, barua, vifurushi na hesabu. Hesabu hizo nazichukulia kwa uzito mkubwa. Kila randi iliyotoka lazima nione risiti yake, kwa sababu imetoka kwenye michango ya watu, na baadhi yao ni maskini kuliko sisi. Kijana akija na risiti iliyofutika mfukoni namrudisha dukani akaombe nyingine. Wananiona mkali. Sawa.

Kila baada ya wiki sita kuna uhamisho, na wiki hiyo msitupigie simu za kuchelewa kulala. Fulani anatoka Soweto kwenda Pretoria, fulani anamaliza na ndege yake ni usiku, wapya wanatua O. R. Tambo asubuhi. Vitanda vinahamishwa, funguo zinabadilishwa mikono, majina yanafutwa kwenye mkataba mmoja na kuandikwa kwenye mwingine. Siku ya wapya huwa natandika mwenyewe shuka za mahali watakapolala usiku wa kwanza. Hakuna aliyeniagiza. Ni kwamba nimelea, na najua mtoto aliyechoka anatazama nini akiingia nyumba ngeni.

Acheni niwasimulie habari ya mita, maana ndiyo inayoeleza kazi yetu kuliko maelezo yote. Huku nyumba nyingi zina umeme wa tokeni kama kwetu. Mita hizi kote duniani zilitakiwa zibadilishwe namba za siri kabla ya tarehe 24 Novemba 2024. Zilikuwa zimehesabu dakika tangu 1993, na nafasi ya kuhesabia ilikuwa inaisha siku hiyo. Mita isiyobadilishwa ingekataa tokeni zote mpya. Kenya pia mliletewa, mnakumbuka: unanunua umeme, unapewa safu mbili za ziada, kila moja tarakimu 20, unaziingiza kwa kufuatana, ndipo unaweka tokeni yenyewe. Sasa fikirieni nyumba zote za vijana wetu. Mzee aliandika orodha kwenye daftari, kila mita na namba yake, akaanza kuzunguka. Zile za mbali nilizifanya kwa simu. Kijana mmoja wa Utah, ambaye kwao umeme huja tu na bili hufuata, alikuwa amesimama gizani na tochi ya simu ya mwenzake, mimi namsomea tarakimu nne nne, yeye anarudia, mita inalia. Mara ya pili ikakubali. Nikasikia wote wawili wakipiga kelele za furaha kama waliofunga bao.

Na hapa niseme jambo ninaloliamini sana. Nyumbani wengi wanadhani kazi hii ni ya wazungu wastaafu wenye pesa. Ni kweli wamekuwa wengi, na nawaheshimu. Wanandoa wa Idaho waliotukabidhi ofisi walituachia mafaili yaliyonyooka, wakatufundisha kompyuta kwa subira bila kutuonyesha kwamba tunachelewa. Lakini Mwafrika aliyeishi Afrika anajua mambo ambayo faili halisemi. Anajua tokeni. Anajua kwamba maji yakikatika leo unajaza ndoo kabla ya kupiga simu. Anajua kuna mwenye nyumba ambaye hataki barua pepe, anataka umwendee, ukae, umuulize watoto, ndipo mzungumzie paa linalovuja. Mzee wangu ameokoa mikataba kadhaa kwa kukaa tu na watu na kuzungumza.

Kuna kijana alikuja kutoka Lubumbashi. Kifaransa anakijua, Kiingereza alikuwa anakijaribu. Aliposikia nikiongea na mzee wangu kwa Kiswahili alisimama mlangoni, akasema, "Jambo yenu, mama," na machozi yakamlengalenga. Hakuwa na wiki mbili hapa, akapata homa. Wenzake walidhani ni mafua, kwa kuwa baridi ilikuwa imeanza. Walipoita ofisini niliuliza kama anatetemeka na kama homa inapanda na kushuka. Johannesburg hakuna malaria, kwa hiyo mtu wa hapa hafikirii malaria kwanza. Niliingia garini na mzee, tukampeleka, na daktari alipoambiwa ametoka Lubumbashi juzijuzi aliagiza damu ipimwe papo hapo. Ilikuwa malaria. Alipona. Mama yake nilizungumza naye siku ile kijana alipopiga simu nyumbani (tangu Februari 2019 wamisionari wanaruhusiwa kuzungumza na familia kila wiki, zamani ilikuwa mara mbili tu kwa mwaka). Mama yule alinishukuru kwa muda mrefu, Kiswahili chake na changu vikipishana kidogo, na tulielewana kila neno.

Ndoa mmeniuliza kwa kunong'ona, nami najibu kwa sauti. Tuliishi miaka mingi kila mmoja akiwa na kazi yake, tukionana jioni. Sasa tunaamka pamoja, tunapanda gari pamoja, tunakaa meza mbili katika chumba kimoja, tunarudi pamoja. Miezi ya kwanza ilikuwa migumu. Yeye anapenda kuacha faili wazi mpaka jambo liishe, mimi nataka meza iwe safi. Tulikubaliana kwamba mambo ya ofisi yanaishia kwenye lango la nyumba, na Jumamosi jioni tunatoka sisi wawili, hata kama ni kukaa tu mahali penye watu. Nimemjua upya. Sikujua kwamba mume wangu anaweza kumsikiliza kijana wa miaka 19 kwa saa nzima bila kumkatiza.

Mnauliza kama tunaogopa. Kuna usalama wa kuangalia: usiku hatutembei kwa miguu, na milango ina vyuma kama kwetu Eastlands, Nairobi. Lakini najua swali lenu ni kuhusu wageni Waafrika kushambuliwa. Yametokea, hakuna wa kuyakanusha. 2008 waliuawa watu zaidi ya 60, na mashambulizi yakarudi 2015 na 2019. Sisi binafsi hatujaguswa. Hata hivyo dukani mtu akikusemesha Kizulu na wewe hujui, unaiona sura ikibadilika, na unajifunza kusema "sawubona" mapema kabla hajaanza. Kanisani ni tofauti kabisa. Akina mama wa kata yetu, yaani kanisa letu la mtaani, walituletea mablanketi ya baridi kabla hatujajua tunayahitaji. Jiji hili liko juu, zaidi ya mita 1,700, karibu sawa na Nairobi, lakini Juni na Julai usiku ni barafu kwenye nyasi, na nyumba hazina cha kupasha joto.

Chakula ni jambo dogo. Pap ni ugali wa unga uleule wa mahindi, na sukuma wiki tunapata kwa Wakongo sokoni Yeoville.

Lililotuuma ni kutokuwepo. Kaka mkubwa wa mzee alifariki, na mazishi tukayatazama kwenye simu iliyoegemezwa kwenye mashine ya kuchapia, picha ikikatikakatika, mzee amesimama amevaa suti kana kwamba yuko pale. Alikataa kukaa. Wapo ndugu waliosema tungeweza kurudi, na siwalaumu. Mjukuu wetu wa mwisho hatujamshika bado. Na Mei mwaka huu wa 2025 hekalu la Nairobi likawekwa wakfu, tarehe 18, pale Mountain View, sisi tukiwa huku (hekalu kwetu si kanisa la Jumapili, ni nyumba ya ibada maalumu kama kuunganisha familia). Mnaotufahamu mnajua maana yake kwetu. Kanisa lilisajiliwa Kenya 1991, na tangu hapo kwa miaka zaidi ya 30 aliyetaka kwenda hekaluni alifunga safari nje ya nchi, wengi wetu kuja hukuhuku Johannesburg, kwenye hekalu la Parktown lililofunguliwa 1985. Tuliweka akiba miaka mingi ili tuje tuunganishwe hapa na watoto wetu wawili wa kwanza kuwa familia ya milele. Halafu hekalu linafika nyumbani, sisi tuko Johannesburg tunahesabu magodoro. Binti yetu alitusimulia kila kitu kwa simu usiku ule mpaka chaji yake ikaisha. Niliumia, na bado naumia kidogo, na asubuhi moja wiki hiyo tulikuwa Parktown kabla ya kufungua ofisi.

Sasa nyinyi wawili mlioandika wiki iliyopita. Je, mje? Mje. Lakini msije kwa kutalii, kwa sababu kwa kipindi chote hiki Cape Town tumeiona kwenye kalenda ya ukutani. Msije mkitegemea kufundisha na kubatiza kila siku. Hapa siku inaweza kuisha ukiwa umebishana na fundi bomba na kujaza fomu, na hakuna atakayesimama kanisani kukutaja. Msije na deni. Kaeni na watoto wenu kwanza, mkubaliane nani ataangalia nyumba, nani atasimama kwenye matanga kwa niaba yenu, ili yakitokea pasiwe na maneno. Nendeni kwa askofu wa kata yenu mapema, na vipimo vya afya mvianze hata kabla ya hapo, hasa meno, maana fomu ya daktari ndiyo itakayowachelewesha kuliko kitu kingine. Kama una kisukari au presha, leteni dawa za kutosha na barua ya daktari.

Kompyuta isiwatishe. Mzee alifika hapa akiandika kwa kidole kimoja. Sasa ripoti za magari zote ni zake.

Sisi tutafika nyumbani Agosti. Daftari la mzee, lenye kila mita, kila mwenye nyumba na namna anavyopenda kuzungumziwa, tunaliacha juu ya meza, kwa kuwa hadi leo ofisi haijapewa majina ya wanandoa watakaotupokea. Mkiwahi fomu, muulizeni askofu kama mnaweza kuomba kazi ya ofisi. Uamuzi wa mwisho wa nchi si wenu, lakini kusema mnachopendelea na mnachoweza kufanya mnaruhusiwa.