Iringa Boma na nyumba kongwe za Nyanda za Juu Kusini: maswali yenu

Iringa Boma, lile jengo la makumbusho, zamani lilikuwa nyumba ya nani? (Msomaji, Ipogolo)

Halikuwa nyumba ya mtu. Wajerumani walilijenga mwaka 1914 liwe hospitali ya jeshi, na mwaka huohuo vita vikaanza. Waingereza walipoushika mji wakaligeuza ofisi za utawala, na baada ya Uhuru serikali yetu ikaendelea kukaa humohumo. Makumbusho yalifunguliwa mwaka 2016, kupitia mradi wa Fahari Yetu wa Chuo Kikuu cha Iringa. Kwa maoni yangu, miaka ile ya ofisi ndiyo iliyoliokoa. Jengo lenye watu ndani likivuja leo, kesho fundi yuko juu ya paa; lililofungwa kufuli huanza kung'olewa milango, kisha madirisha, kisha kila mtu anasema ni gofu.

Mjukuu wangu anasema Mkwawa aliishi humo. Ni kweli? (Bibi wa Kihesa)

Hapana, bibi. Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alikufa mwaka 1898. Ngome yake ilikuwa Kalenga, na Wajerumani waliiteka Oktoba 1894, miaka mitatu baada ya Wahehe kumuua kamanda wa Kijerumani, Zelewski, kule Lugalo. Hata fuvu lake lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954 liko Kalenga. Mpeleke huko, si mbali na mjini.

Mbona sisi Mbeya hatuna boma la Mjerumani? (Msomaji, Mwanjelwa)

Mji wenyewe haukuwapo! Mbeya ilianza mwaka 1927, enzi ya Mwingereza, watu wakifuata dhahabu ya Lupa. Mjerumani alikaa Tukuyu.

Marehemu baba katuachia nyumba ya enzi za Mjerumani. Ndugu wanataka kuibomoa tujenge fremu. Sheria inaruhusu? (Msomaji, Iringa mjini)

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Yenu ni changa kwa hesabu hiyo, hivyo inalindwa tu kama waziri ameitangaza. Ulizeni kwa ofisa utamaduni wa halmashauri kabla nyundo haijaingia.

Mimi ningewashawishi ndugu wageuze vyumba vya mbele kuwa maduka. Ila fundi asiwapigie plasta ya saruji juu ya ukuta wa zamani uliojengwa kwa udongo: unyevu hunasa ndani, plasta huvimba na tofali huliwa taratibu. Mwambieni atumie chokaa, na aanze na paa.