Usimdanganye mgonjwa, hata kama ndugu wanakuharakisha

Mwaka wangu wa kwanza wa uuguzi wa afya ya akili hapa Dodoma, nilimwambia kijana mmoja, "Njoo tupime presha tu." Nyuma ya mlango walikuwa wenzangu wanne na sindano. Akachomwa, akalala. Kwa wiki mbili hakupokea hata kikombe cha maji mkononi mwangu. Alikuwa anaamini watu wanamtilia sumu, na ushahidi nikampa mimi.

Tangu siku ile nasema kweli, tena kwa ufupi. "Hii ni haloperidoli. Itazipunguza zile sauti unazozisikia. Shingo ikikakamaa niite, dawa ya kuilegeza ipo." Wapo wanaokataa, sifichi. Ila wanaokubali, kesho yake hunitafuta wenyewe.

Ndugu huniuliza: akisema jirani kaficha redio darini, nijibu nini? Usibishane naye, hutamshinda. Usimkubalie pia, maana akipata nafuu atakumbuka ulichosema. Shika hofu yake: "Mimi siisikii, mdogo wangu, lakini naona hujalala. Unaogopa?" Hapo wengi hupumua.

Wengine huletwa kutoka vijijini wamefungwa kamba. Usiwagombeze ndugu, hata kama wamepitia kwa mganga kwanza. Ukiwasuta watakuficha dawa alizokunywa. Kamba naifungua nikishamweleza mgonjwa ninachofanya, huku wenzangu wako karibu. Mashangazi watoke, redio izimwe. Nakaa ubavuni kwake, sio uso kwa uso, na mlango siuzibi. Kunong'ona na ndugu pembeni ni kosa kubwa: mtu anayehisi anasemwa, unamsema kweli!

Kwa wazee wa Kigogo naanza na salamu yao, "Mbukwenyi," kabla ya fomu yoyote. Asipoitikia nanyamaza naye dakika tano, namwambia nitarudi saa nne, na saa nne narudi.

Akishika panga, au sauti zikimwamuru kuua au kujiua, maongezi ya kirafiki yasubiri, ita msaada. Na aliyechanganyikiwa ghafla akiwa na homa, mwahishe hospitali apimwe malaria na mengineyo.

Yule kijana nilimwomba radhi. Akanitazama muda mrefu, akauliza, "Leo ni presha kweli?" Nikampa kile kitambaa cha kipimo, akakifunga mwenyewe mkononi.